Ile Haa ya Washamsi

Ukipita barabara za ndani za Ngamiani baada ya alasiri, utakisikia chuo cha Kurani kabla hujakiona. Sauti za watoto hupanda na kushuka kwa pamoja, na ikiwa siku hiyo wamefika Washamsi, ile sura ya jua, utaitambua tangu mbali kwa miisho yake: dhuhaahaa, talaahaa, jallaahaa, yaghshaahaa. Aya 15, na kila moja inatua kwenye "haa". Niliihifadhi sura hiyo utotoni, hapa hapa Tanga, na kwa miaka mingi niliichukulia ile haa kama kina cha mwisho cha utenzi, kile kinachorudi kila ubeti ili sikio lipate pa kutulia.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshahitimu msahafu zaidi ya mara moja, siku shangazi yangu aliponikatiza nikisoma barazani kwake, Makorora.

"Hiyo haa ni nani?"

Nikamjibu kwamba haa ni herufi.

"La, mwanangu. Haa ni mtu, au ni kitu. Ametajwa huko nyuma. Rudi ukamtafute."

Tutamfikia, lakini njia ya kumfikia inapita kwenye vitenzi.

Sisi tuliopita chuoni tuna hali ya peke yake mbele ya Kiarabu. Tunakisoma. Irabu tunazijua, shada, alama ya kukaza herufi, tunaitamka inavyostahiki, tunajua wapi pa kuvuta na wapi pa kusimama. Vichwani mwetu mna mamia ya vitenzi vya Kiarabu vilivyonyambuliwa sawasawa, kila kimoja na viambishi vyake, na hatuna habari navyo. Kisha mmoja wetu akikata shauri kujifunza lugha yenyewe, anaanzishwa kama mtu asiyejua lolote. Anapewa jedwali: fa'ala, fa'alaa, fa'aluu, fa'alat, hadi zitimie safu 14, kwa kuwa Kiarabu humhesabu mwanamume mbali na mwanamke, na kati ya umoja na wingi kimeweka uwili. Silidharau jedwali hilo. Wanazuoni wa pwani hii walipita humo, na baada yake wakaingia Ajurrumiyya, kile kijitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, wakatoka wameiva. Lakini wao walikaa mbele ya mwalimu siku zote kwa miaka. Mtu anayerudi kazini jioni, mwenye nusu saa baada ya isha, jedwali humchosha kabla halijamfaa. Huyo naona aanze na maneno ambayo ulimi wake umeshayazoea, ayakate vipande, aone yameundwaje. Jedwali lije baadaye, kupanga kile alichokwisha kukiona.

Na Mswahili anaingia na mtaji mkubwa kuliko maneno ya Kiarabu yaliyomo katika lugha yake. Mtaji huo ni namna anavyounda kitenzi. Chukua "nilikiandika". Ni neno moja, na ndani yake mna sentensi nzima: ni- ndiye aliyeandika, -li- ni wakati uliopita, -ki- ni kilichoandikwa, tuseme kitabu, na -andika ni tendo lenyewe. Mwarabu akisema katabtuhu amesema hayo hayo. Katab- ni tendo, -tu ni mimi, -hu ni hicho kitabu. Wako watu ambao lugha zao huweka mtenda, tendo na mtendwa kila mmoja kwenye neno lake, na hao hutaabika kuvizoea vikibanana pamoja. Sisi tumelelewa humo.

Tofauti ni upande. Kiswahili hupakia mbele ya tendo, na Kiarabu, katika wakati uliopita, hupakia nyuma. Ila tazama foleni yenyewe. Katika lugha zote mbili, viambishi viwili vikikutana, cha mtenda hutangulia cha mtendwa: ni- kisha -ki-, -tu kisha -hu. Foleni hiyo haivunjwi, nayo itatufaa sana maneno yatakaporefuka.

Wanazuoni huviita viambishi hivi dhamiri zilizoungana. Ni neno lile lile letu, dhamiri, jambo lililofichika moyoni, kwa kuwa mzizi wake ni kuficha: jina limefichwa, imebaki alama yake. Na kitenzi kwao ni fi'l, tendo, kama sisi tulivyokipa jina kutokana na kutenda. (Katika makala hii irabu ndefu naziandika mara mbili, na alama ' inashika nafasi ya 'ain au ya hamza.)

Tuanzie mtaani kabla ya kitabu. Mtu akikutendea wema unamwambia jazaakallahu khayran. Akiwa mwanamke, na wewe umefundishwa vizuri, unamwambia jazaakillahu. Wakiwa wengi, jazaakumullahu. Hapo umenyambua kitenzi cha Kiarabu mara tatu, huenda ukiwa sokoni na kikapu mkononi. Jazaa ni kulipa. Ka ni wewe mwanamume, ki ni wewe mwanamke, kum ni ninyi. Allah ndiye mlipaji. Ukimtaja marehemu unasema rahimahullah, na akiwa bibi, rahimahallah. Ukiwataja maswahaba unasema radhiyallahu 'anhu kwa mmoja, 'anhaa kwa Bibi Aisha, 'anhumaa kwa wawili, 'anhum kwa wengi. Hu, haa, humaa, hum: nusu ya jedwali la dhamiri za mtendwa ipo katika adabu zetu za kila siku.

Lakini rahimahullah ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, mtendwa ametangulia mtenda: rahima, kisha hu, kisha Allah. Je, foleni imevunjika? Haikuvunjika, maana foleni ni ya viambishi. Mtenda akija kwa jina lake kamili hukaa nje ya neno na kusubiri, hali kiambishi cha mtendwa hakina pa kwenda, lazima kishikane na kitenzi. La pili ni wakati. Rahima kwa umbo lake ni wakati uliopita, "alirehemu". Hakuna mfiwa anayekusudia hivyo. Kiarabu hulichukua umbo la jambo lililokwisha kutendeka kikaliombea dua, na hapo Kiswahili hujibu kwa "amrehemu". Msomaji anayetafsiri kwa jedwali peke yake hukosea hapa, na anayesikiliza wanavyosema watu hakosei.

Sasa tufungue sura. Nimechagua mzizi ambao tayari ni wetu, abudu. Katika Fatiha tunasoma iyyaaka na'budu. Katika Kul-yaa, yaani Sura ya Al-Kaafiruun, tunasoma laa a'budu maa ta'buduun, na mbele kidogo maa 'abadtum. Katika Li-iilaafi, yaani Sura ya Quraysh, kuna falya'buduu. Sura tatu, aya 17 kwa jumla, zote tunazo tangu utoto, na mzizi mmoja umevaa nguo tano: na'budu, tunaabudu, a'budu, ninaabudu, ta'buduuna, mnaabudu, falya'buduu, basi na waabudu, 'abadtum, mliabudu. Ya mwisho peke yake ndiyo iliyopakia nyuma, kwa kuwa ni ya wakati uliopita. Zile nne zimetanguliza herufi mbele ya mzizi, kama Kiswahili kinavyofanya. Herufi zenyewe ni nne tu, alif, nuni, yaa na taa, na walimu huzikusanya katika neno anaytu ili zisisahaulike.

Hapo pana mtego, nao ni wetu peke yetu. Sisi wa pwani tukisema "naabudu" tunakusudia mimi, ninaabudu. Sikio letu likipokea na'budu linasikia mtu mmoja. Kumbe nuni ile ni ya sisi: hata anayesali peke yake chumbani, usiku, anasema tunaabudu. Geuza sasa. Sisi tukisema "a-" tunamkusudia yeye: anasoma, alisoma. Alif ya Kiarabu ni ya mimi. Ndiyo ile ya a'uudhu billaahi, najikinga kwa Mwenyezi Mungu, tunayoitamka kabla ya kisomo chochote. Na ta-, ambayo kwetu huashiria wakati ujao, kwao ni wewe, au ni yeye wa kike. Nilipokuwa najifunza nilichanganya hizi kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na dawa niliyoipata ni kuzifunga kila moja na aya yake. Nikikutana na nuni mbele ya kitenzi nakumbuka na'budu. Nikikutana na alif nakumbuka a'uudhu.

Na iyyaaka? Ile ka ni ile ile ya jazaaka. Kiambishi hakiwezi kusimama peke yake, kwa hiyo kikitakiwa kutangulia kitenzi hupewa iyyaa ya kukibeba. Ingaliwezekana kusema na'buduka, tunakuabudu, na maana ingekuwapo, lakini mkazo usingekuwapo. Kutanguliza kumeleta "Wewe tu".

Kiambishi kinachostahili muda wetu zaidi ya vingine vyote ni naa. Katika jazaaka hakuna shaka, ka haiwezi kuwa mtenda wa kitenzi. Katika katabtu hakuna shaka pia, tu haiwezi kuwa mtendwa. Naa inaweza yote mawili. 'Allamnaa ni tulifundisha, na 'allamanaa ni alitufundisha. Herufi ni zile zile, na kinachotenganisha ni alama moja juu ya herufi iliyo kabla ya naa. Ikiwa na sukuni, yaani haina irabu, naa ni mtenda. Ikiwa na fataha, yaani irabu a, kitenzi kimeshatimia na mtenda wake ni mwingine, kwa hiyo naa ni mtendwa. Mwenye Yasini kifuani asome aya ya 69: wa maa 'allamnaahush-shi'ra. Mim ina sukuni, basi naa ni mtenda, na hu iliyofuata ni mtendwa: hatukumfundisha mashairi. Asome pia innaa a'twaynaakal-kawthar. Yaa ina sukuni: tumekupa. Innaa anzalnaahu, laamu ina sukuni: tuliiteremsha.

Kisha alinganishe khalaqnaa na khalaqanaa. Ya kwanza ni tuliumba, ya pili ni alituumba. Mtoto akikosea fataha moja hapo amemgeuza Muumba kuwa muumbwa, na muumbwa kuwa Muumba. Nilipolielewa hilo ndipo nilipojua kwa nini maalimu wetu alikuwa akiturudisha mwanzo wa aya kwa irabu moja tu, tukiwa tumechoka na magharibi inakaribia. Tulidhani anatafuta sauti nzuri.

Mimi kama mtendwa nayo ina jambo lake. Kwenye jina hutumika ii peke yake: rabbii, Mola wangu. Kwenye kitenzi huwa nii: khalaqanii, aliniumba. Nuni imetoka wapi? Ii hulazimisha kasra, yaani irabu i, kwenye herufi iliyo kabla yake, na mwisho wa kitenzi ni mahali pa kutunzwa, kwa kuwa irabu ya hapo ndiyo inayosema kitenzi kiko katika hali gani. Basi nuni inasimama katikati, inaipokea kasra ile, na kitenzi kinasalimika. Jina lake ni nuni ya kinga, na sijui jina lililotolewa vizuri zaidi katika sarufi yoyote. Kwa sikio la Mswahili nii hiyo inaingia bila kubisha hodi, kwa sababu inafanana na -ni- yetu. Maneno ya Nabii Ibrahim katika Sura ya Ash-Shu'araa, aya ya 78 hadi ya 80, ndiyo darasa lake bora: alladhii khalaqanii fahuwa yahdiin, walladhii huwa yut'imunii wa yasqiin, wa idhaa maridhtu fahuwa yashfiin. Aliyeniumba, naye ananiongoza. Na ambaye ananilisha na kuninywesha. Na ninapougua, yeye ananiponya. Hesabu -ni- katika Kiswahili hicho, utazipata tano za mtendwa. Katika Kiarabu utaziona mbili zikiwa kamili, khalaqanii na yut'imunii. Tatu zimepoteza ii yao kwenye kituo cha aya, imebaki nuni ya kinga peke yake, ikimwakilisha aliyekuwa nyuma yake. Na maridhtu? Hapo ni mimi mtenda, ile tu ya katabtu, na mzizi ni ule tunaoutaja hospitalini kila siku, maradhi.

Turudi sasa kwa haa.

Nilifanya alivyoniagiza shangazi. Sikuandika kitu kwenye msahafu. Nilinakili sura kwenye daftari, mstari kwa mstari, nikaacha nafasi pana katikati, nikakata kila neno la mwisho kwa penseli. Jambo la kwanza lililodhihiri ni kwamba haa hazifanani. Nyingine zimeshika jina, na maana yake ni "lake" au "yake": dhuhaahaa, mwangaza wake. Nyingine zimeshika kitenzi: talaahaa, "ulifuatapo", yaani mwezi unapolifuata jua. Kwenye miisho ya aya 15 nilihesabu majina 6 na vitenzi 9. Kwa hiyo Washamsi, ambayo nilidhani inanipa kina tu, ilikuwa imenipa mifano tisa ya kitenzi chenye mtendwa.

Kisha nikatafsiri, na hapo ndipo nilipoona Kiswahili kinafanya kazi ambayo Kiarabu hakikuifanya. Mwezi unapolifuata: haa imekuwa -li-, kwa kuwa ni jua. Ardhi na aliyeitandaza, twahaahaa: haa imekuwa -i-. Nafsi na aliyeilinganisha, sawwaahaa: -i- tena. Halafu aya ya 14, fakadhdhabuuhu fa'aqaruuhaa: wakamkadhibisha, wakamchinja. Huyo wa pili ni ngamia wa Nabii Saleh, na haa imekuwa -m-. Kiarabu kina milango miwili tu ya umoja katika nafsi ya tatu, hu kwa chenye jinsi ya kiume na haa kwa chenye jinsi ya kike. Jua kwao ni la kike, mwezi ni wa kiume. Ardhi, mbingu na nafsi ni za kike. Na vitu vikiwa vingi, kama vitabu, huingia mlango wa haa pia, hivyo qara'tuhaa huweza kuwa nilivisoma. Sisi tuna ngeli, na kila ngeli ina kiambishi chake. Kwa sababu hiyo huwezi kuitafsiri haa hata moja kwenda Kiswahili kabla hujajua ni nani. Lugha yetu haikuruhusu kukisia: lazima useme -li- au -i- au -m-, na kusema hivyo ni kuwa umeshamtafuta. Swali la shangazi lilikuwa hilo.

Mahali dhamiri inaporudi huitwa marji', na ndani yake mna neno letu rejea. Mara nyingi ni jina lililo karibu nyuma yake, lakini si kila mara. Jallaahaa ya aya ya 3, "na mchana unapodhihirisha", wafasiri wametofautiana: wako waliosema haa ni jua, kwa kuwa ndilo lililotajwa, na wako walioirejesha kwenye giza au ardhi, vitu ambavyo havijatajwa lakini vinaeleweka. Na sawwaahaa imekuja mara mbili. Ya aya ya 7 ni nafsi. Ya aya ya 14, baada ya adhabu, ni kabila la Thamud kwa kauli mojawapo ya wafasiri, kwamba walisawazishwa wote. Neno lile lile, sura ile ile, haa mbili tofauti.

Kuna jambo la jicho pia, ambalo sikio haliwezi kukusaidia. Kadhdhabuu, walikadhibisha, likiwa peke yake huandikwa كذبوا, na alif mwishoni isiyotamkwa. Likiunganishwa na hu alif hiyo hutoweka: كذبوه. Ukiona waw na alif mwisho wa kitenzi, hakuna mtendwa aliyeshikana nacho. Ukiona waw kisha herufi ه, mtendwa yupo. Vivyo hivyo taa iliyofungwa hufunguka ikipata kiambishi, مدرسة ikawa مدرستنا, madrasa yetu.

Aliyefika hapa hataogopa tena maneno marefu. Yasini, aya ya 14: fakadhdhabuuhumaa. Likate. Fa ni kisha. Kadhdhab ni tendo. Uu ni wao, watenda. Humaa ni wao wawili, watendwa, wale wajumbe wawili waliotumwa mjini mwanzo. Kiswahili chake ni wakawakadhibisha, na kinakatika vile vile: wa-ka-wa-kadhibisha. Hata ile fa imepata mwenzake, -ka- yetu ya masimulizi. Kilichopungua kwetu ni ule uwili, itabidi tuongeze "wawili" kwa neno la pembeni.

Kuna neno moja katika Sura ya Al-Hijr, aya ya 22, linaloweza kumtisha mtu asiyejua kukata: fa'asqaynaakumuuhu. Linazungumzia maji ya mvua. Fa, kisha. Asqay, kunywesha. Naa, sisi, na yaa ya kabla yake ina sukuni, basi ni mtenda. Kumuu, ninyi, ni ile kum ya assalaamu 'alaykum, imeongezewa waw kwa sababu inafuatwa na kiambishi kingine. Hu, hayo maji. Foleni imeshikwa: mtenda, mtendwa wa kwanza, mtendwa wa pili. Hapa Kiswahili kinakiri. Kitenzi chetu hakibebi viambishi viwili vya watendwa, kwa hiyo tunasema tukakunywesheni, na maji tunayataja nje: "tukakunywesheni hayo".

Mizizi yenyewe nitaipitia haraka, maana sehemu kubwa tunayo. Fahamu, shukuru, subiri, rehemu, hukumu, kubali: hizi hazihitaji kamusi. Zaidi ya hapo tumechukua na maumbo. Yenye ta- mbele, kama tafakari na tamalaki. Yenye sta-, kama starehe, stahili na staajabu, ambazo kwa Kiarabu huanza na ista-. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa upande huu wetu, alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima, alikuwa na tamallaka mkononi, akainyambua kwa Kiswahili bila kusita. Ila tahadhari na neno lililohama maana. Radda kwa Kiarabu ni kurudisha kitu, si kurudi. Anayerudi mwenyewe ni raja'a, rejea yetu. Kila mzizi unaodhani unaujua upime kwanza kwenye aya moja.

Kisha inakuja siku ya kufunga msahafu na kufungua kitabu cha kawaida, na irabu zote zinaondoka. Gazeti la Kiarabu halina fataha wala sukuni. Ile naa iliyokuwa ikitenganishwa na alama moja sasa haina alama. علمنا ni herufi tano, nazo zaweza kuwa 'alimnaa, tulijua, 'allamnaa, tulifundisha, 'allamanaa, alitufundisha, au 'ullimnaa, tulifundishwa. Macho hayatoshi. Inabidi kuendelea mbele na kuuliza kila jina linalofuata linataka nafasi gani. Ukikuta علمناه القراءة, kusoma ndiko kulikofundishwa, nafasi hiyo imeshikwa, basi hu ni mwanafunzi na naa ni walimu: tulimfundisha kusoma.

Jioni moja shangazi aliniandikia maneno matatu kwenye kipande cha karatasi, bila irabu: علمنا المعلم القراءة. "Nani kamfundisha nani?" Nikamwambia yaweza kuwa mwalimu alitufundisha kusoma, na yaweza kuwa tulimfundisha mwalimu kusoma, herufi zinakubali yote mawili. Akakubali. Akachukua tena kalamu, akaongeza mawili, ونحن صغار, akanirudishia karatasi, nikasoma kwa sauti safari hii, irabu zote mahali pake: 'allamanal-mu'allimul-qiraa'ata wa nahnu swighaar. Mwalimu alitufundisha kusoma tungali wadogo.